Kaunta ya Vizibo Sita

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimepiga nyundo tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, na sasa mkono wa kulia hauinuki. Lakini vizibo vimetoka, vyote sita.

Kaunta ya jikoni kwetu hapa Ibighi ni ya saruji. Aliimwaga baba mkwe kwa mikono yake, kabla sijaolewa. Ni nene, nyeusi kwa moshi wa miaka, na kwenye ukingo wa mbele alikandamiza vizibo vya soda saruji ikiwa bado mbichi: kimoja kando ya sinki, viwili katikati, vitatu kabla ya mahali pa jiko la gesi. Nilidhani ni urembo wa mwanaume mwenye vizibo vingi na kazi chache. Kila nikifuta meza vinashika kitambaa, na mara mbili vimenikata kidole.

Mimi naoka keki za oda. Wateja wanaona picha kwenye simu kabla hawajaonja kitu. Juzi Felista, wa mtaa wa Bagamoyo hapa mjini, aliona keki ya kipaimara niliyoipiga picha hapo juu ya kaunta, akaniandikia: "Keki nzuri dada, ila umeipigia picha kaburini?" Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaenda sokoni kununua stika ya marumaru, nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Vigae sivimudu, na bei ya jiwe lenyewe sikuthubutu hata kuuliza.

Stika haikai juu ya vizibo. Nikamuuliza mume wangu, Lwitiko.

"Fanya unavyotaka," akasema. "Mzee yuko Kyimo. Ataionea wapi?"

Nimechukua patasi na nyundo. Vizibo nimevitupa shimo la taka.

Jumapili, 2 Machi

Ibada, mvua, mkono unauma.

Jumamosi, 8 Machi

Nimebandika. Wiki nzima nilikuwa nikiziba mashimo kwa saruji nyeupe na kupiga msasa hadi ukingo ukawa laini. Leo nimeosha mafuta kwa sabuni na spiriti, nikakausha kwa draya ya saluni ya jirani, nikavua karatasi ya nyuma kidogo kidogo huku nikisukuma hewa kwa kadi ya benki. Vipovu vilivyobaki nimevitoboa kwa sindano. Kona zote zimekubali isipokuwa ile ya jiko. Hapo inajiinua, hata baada ya kuipitishia pasi juu ya kitambaa.

Lakini jamani! Jiko limekuwa la watu. Nimepiga picha ya sufuria tupu tu na watu kumi na wawili wamependa.

Alhamisi, 13 Machi

Lwitiko amerudi kutoka zamu ya kiwanda cha chai na uso wa mtu aliyepigiwa simu. Mzee ameanguka kwenye njia ya kwenda migombani, goti limevimba. Kule shambani Kyimo anaishi peke yake tangu atuachie nyumba hii tulipooana. Atakuja kukaa hapa hadi mvua ziishe.

Nikasema, "Na aje, karibu sana." Lakini kuja kwake nakuogopa.

Niandike sababu. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamwangalii baba mkwe usoni, hali naye, hazungumzi naye, hamgusi, halitaji jina lake. Tunaita kutila. Wenzangu wengi wa mjini wameiacha, wanasalimiana na wakwe zao kanisani na hakuna aliyekufa. Ila Mzee ni mtu wa zamani, na bibi yangu aliyenilea alikuwa wa zamani zaidi. Alikuwa akituambia kwamba mkamwana akimgusa baba mkwe, mikono yake hukauka. Nina miaka minne katika ndoa na sijawahi kusikia sauti ya Mzee ikielekezwa kwangu. Hata humu naandika Mzee tu.

Na sasa anakuja kukuta nimebomoa kazi ya mikono yake, na mdomo wa kumweleza sina.

Jumamosi, 15 Machi

Amefika. Nilijificha migombani nyuma ya nyumba hadi Lwitiko alipomwingiza chumba cha mbele. Mvua ilininyeshea yote.

Utaratibu ni huu: mchana Lwitiko akiwa kazini, napika, naweka sahani ya Mzee katikati ya kaunta, nakohoa mara mbili, naingia stoo na kushusha pazia. Mzee anakuja, anachukua chakula, anakula chumbani. Baadaye anarudisha sahani kwenye sinki. Akiondoka, natoka. Lwitiko anasema mama yake aliishi hivyo hivyo na babu yake na wala haikuwa shida. Yeye hatakaa stoo na gunia la mkaa.

Jumapili, 16 Machi

Hajasema lolote kuhusu marumaru. Namshukuru Mungu.

Jumanne, 18 Machi

Leo mchana nikiwa stoo nilisikia mkono wake ukipita juu ya kaunta. Ulikuja taratibu kutoka upande wa sinki, ukasimama, ukarudi nyuma, ukaja tena. Nikashindwa kujizuia, nikachungulia kwenye ukingo wa pazia, Mungu anisamehe.

Alikuwa amesimama na viganja vyote viwili juu ya ukingo, anaupapasa pale pale. Nilijua anatafuta nini. Nikajiambia, basi, ameona, jioni atamwambia mwanawe mkeo ni mharibifu. Jioni ikaja. Waliongea habari za mbolea.

Alhamisi, 20 Machi



Juzi niliweka picha ya keki ya Felista kwenye simu, kaunta ikionekana vizuri chini yake. Wifi yangu Atupele, anayeishi Mbeya, ameiona leo. Akanitumia sauti. Nimeisikiliza mara tano.

"Wifi, ugonile, za huko? Keki imetulia kweli. Sasa, vizibo vya mama viko wapi? Umevifunika na hiyo stika? Maana vile baba alimwekea mama macho yalipozima. Kimoja sinki, viwili sahani, vitatu moto. Mama alikuwa anatembeza kidole tu, anapika ndizi za mbalaga mwenyewe mpaka mwezi aliokufa. Hakuungua hata siku moja. Usivibandue, wifi, eti?"

Nilijua mama mkwe alifariki mwaka mmoja kabla ya harusi yetu. Nilijua macho yake yalikuwa mabovu mwishoni. Lakini Lwitiko miaka ile alikuwa Kahama mgodini, na jikoni hakuwahi kuingia hata alipokuwapo. Yeye mwenyewe alidhani ni urembo.

Nimemjibu Atupele: "Vipo, wifi. Vimefunikwa tu."

Mimi si mwongo. Sijui kwa nini nimeandika vile. Nilikwenda shimo la taka na koleo, nikachokora kwenye matope hadi viwiko. Nimepata kimoja, na chenyewe ni cha bia.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Sikula.

Jumanne, 25 Machi

Leo nimeelewa jambo ambalo afadhali nisingelielewa.

Mzee alirudisha sahani. Nilikuwa nachungulia, sasa nachungulia kila siku, nimekuwa mwizi ndani ya nyumba yangu. Alipapasa ukingo, akafika mahali alipodhani ni sinki, akaachia sahani hewani. Mbele ya sinki kwa shibiri nzima. Ikavunjika sakafuni. Dirisha lilikuwa wazi, mwanga wa mchana umejaa jikoni, na yeye akapiga magoti kwa lile goti bovu na kukusanya vipande kwa kupapasa. Alijikata. Akasimama akinyonya kidole, uso ukiangalia ukuta.

Haoni. Mzee haoni.

Jioni nilimsikia akimwambia Lwitiko amejikata akimenya parachichi. Lwitiko akamcheka. Akacheka naye. Na mimi nyuma ya ukuta nikaelewa kwamba hakuanguka Kyimo kwa sababu ya utelezi. Anaficha. Wanawe wakijua, hawatamruhusu kurudi kwenye migomba yake na ile miche ya chai aliyoipanda na mkewe, na atakaa chumba cha mbele hadi atakapokufa.

Tena ndiyo maana hakulalamika kuhusu vizibo. Angesemaje havipo, bila kusema kwamba anavihitaji?

Jumatano, 26 Machi

Nimeanza kuzima jiko kabla sijakohoa. Naogopa.

Ijumaa, 28 Machi

Namwambia Lwitiko au simwambii? Nikimwambia, ataniuliza nimejuaje. Nitajibu nini, kwamba mchana nakaa stoo namtazama baba yako? Na ataniuliza kwa nini baba hawezi kujiongoza jikoni alikozoea, na hapo nitafika kwenye nyundo na patasi. Nisipomwambia, siku moja nitasahau kuzima jiko. Nimegeuza hivi na vile, na kila upande naona nimekwisha.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepata dawa. Nimekunja taulo ndogo, nimeilowesha kidogo, nimeilaza ukingoni kabla ya jiko, pale vilipokuwa vile vitatu. Leo mkono wa Mzee uliteleza juu ya marumaru, ukaikuta taulo, ukasimama. Aliishikashika. Kisha akageuza uso wake polepole kuelekea pazia langu. Nilibana pumzi hadi masikio yakavuma.

Alichukua sahani akaenda.

Alhamisi, 3 Aprili

Taulo imefanya kazi tena.

Jumanne, 8 Aprili

Siku saba mvua haijakatika. Nguo hazikauki, unga umeganda, ukungu unaingia hadi sebuleni. Stika ya kona ya jiko imeinuka tena na chini yake kuna weusi. Kila nikiipigia pasi inanuka. Marumaru hii sasa naichukia, na kila mgeni anaisifia.

Jumatatu, 14 Aprili

Oda tano za Pasaka. Atupele anakuja Jumapili.

Jumamosi, 19 Aprili

Niandike yote, nisipoandika sitalala.

Asubuhi Lwitiko hakuwa na zamu. Akasema atanisaidia usafi kwa ajili ya wageni, nami nikafurahi kama mjinga. Nikamwacha anafuta vumbi, nikatoka kupeleka keki kwa Felista. Niliporudi alikuwa ameshatoka kwenda buchani. Nikawasha jiko, nikabandika karai la mafuta ya maandazi, nikapakua chakula cha Mzee, nikakiweka mahali pake. Nilikuwa na haraka, na kichwa changu kilikuwa kwa Atupele na uongo wangu. Nikakohoa mara mbili, nikaingia stoo.

Nilipokuwa nashusha pazia ndipo nilipoona. Kaunta ilikuwa tupu, inang'aa. Taulo ilikuwa imeanikwa dirishani. Lwitiko aliitoa kwa sababu ilikuwa chafu, na mimi nilipita mbele yake nisiione. Na moto ulikuwa unawaka.

Mzee alishaingia. Mkono wake ulianza kwenye sinki na kuja, laini, bila kizuizi. Aliipita sahani bila kuigusa, ilikuwa nyuma kidogo ya kiganja chake. Nilifungua mdomo. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Miaka minne ya kunyamaza ilikuwa imekaa kooni. Niliona mkono wa sweta ukipita chini ya karai, nikaona sufu ikigeuka rangi, kisha moto mdogo wa njano ukapanda kuelekea kiwiko.

"Baba! Moto!"

Sijui nilifikaje. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili nikautumbukiza kwenye beseni la vyombo, pamoja na vikombe, maji yakaruka hadi usoni. Nikazima jiko kwa kiwiko. Karai halikupinduka. Nikirudia kuandika hayo nayaona mafuta yale.

Tulibaki hivyo. Mkono wake ulikuwa mwembamba kuliko nilivyofikiri. Alikuwa anahema, nami nahema. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema, na hapo ndipo nilipogundua ninachokishika. Nikamwachia, nikatoka mlango wa nyuma nikakimbilia migombani. Nilikaa kwenye mvua hadi niliposikia sauti ya Lwitiko.

Malengelenge yapo kuanzia kidole cha mwisho hadi juu ya kifundo. Amemwambia mwanawe amejimwagia chai. Kuhusu mimi hakusema neno. Na mimi kuhusu yeye sikusema neno.

Nimeitazama mikono yangu mara nyingi. Haijakauka.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Atupele alifika na watoto na makelele. Aliingia jikoni kunisaidia kuosha vyombo, akapitisha kidole gumba ukingoni kutoka mwanzo hadi mwisho. Akafuta mkono, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Havimo."

Nikasema, "Havimo, wifi."

"Uliniongopea."

"Ndiyo."

Alilia kidogo, kisha akasema, "Baba asijue. Vile ndiyo kumbukumbu yake ya mama. Itamuua." Nikataka kumwambia baba alijua siku ya tatu tangu afike. Nikashindwa.

Mezani, nikiwa upande wa jikoni, nilimsikia Mzee akitangaza kwamba goti limepona na Jumamosi ya tarehe kumi Mei anarudi kwake. Watoto wake walishangilia. Naye alicheka, mkono umefungwa bandeji.

Jumatano, 23 Aprili

Kule Kyimo anapikia kuni. Mafiga matatu sakafuni, na hakuna mtu nyuma ya pazia.

Jumanne, 29 Aprili

Nilimngoja Lwitiko na maneno nimeyapanga. Akaja amechoka, akala, akasema, "Mzee amefurahi kurudi kwake, umemwonaje?" Nikasema sijamwona, mimi nitamwonea wapi. Akacheka.

Jumapili, 4 Mei

Jua lilitoka saa moja nzima. Watu walitoka nje kulitazama.

Jumatano, 7 Mei

Kuanzia siku ya moto, Mzee hagusi kaunta tena. Anasimama mlangoni, ananyoosha mkono mzima tu, anabahatisha. Leo alikosa sahani mara tatu. Mara ya nne akaacha, akarudi chumbani bila kula.

Zimebaki siku tatu. Nikinyamaza nitasimama kwenye mazishi yake nikijua. Nikisema, nitakuwa nimemnyang'anya Kyimo kwa mdomo wangu, mimi ambaye hata kumsalimia siruhusiwi. Naogopa vyote viwili sawasawa.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda dukani Bagamoyo nikaomba vizibo vya soda. Muuzaji akauliza ni vya mchezo gani. Nikasema vya kupikia.

Kusema siwezi. Lakini kuna namna nyingine ya kumwambia kwamba najua, na yeye ndiye aliyeianzisha.

Ijumaa, 9 Mei

Lwitiko alitoka asubuhi kwenda kutafuta gari la kumpeleka Mzee kesho. Nikachukua kisu, nikachana stika kuanzia sinki hadi jiko, nikaivua ukingo wote. Chini palikuwa na ukungu mweusi na harufu ya soksi. Nikasugua, nikachimba kwa patasi, nikakoroga saruji kwenye kopo la siagi. Nikapanga: kimoja, viwili, vitatu. Nilivikandamiza kwa kidole gumba. Kaunta sasa ni mbaya kuliko ilivyowahi kuwa, nusu marumaru, nusu kaburi.

Nikaweka sahani. Jiko limezimwa. Nikakohoa mara mbili, sauti ikatoka kama ya mbuzi, nikaingia stoo.

Alikuja, akasimama mlangoni kama siku zote. Nadhani alisikia harufu ya saruji. Akasogea, akaweka kidole cha mkono mzima kwenye sinki. Kimoja. Akakaa hapo muda mrefu. Akaenda. Viwili, na sahani ikawa chini ya kiganja chake. Hakuichukua. Akaendelea. Vitatu.

Nilikuwa nimejifunga kanga mdomoni nisisikike nikilia.

"Hivi fitatu," akasema, "viko kalibu mno na moto. Mama yenu nilimwachia shibili mbili. Sogesa, saluji haijashika bado."

Sikusogea. Nilidhani anaongea peke yake.

"Gwe mwanangu. Toka huko stoo. Mwezi wa pili huu nasikia mtu anahema."

Nikatoka. Nilitazama sakafu. Nikasema, "Baba, ni mimi niliyevitoa. Sikujua."

"Ungejuaje? Nani angekwambia? Mimi?" Akanisogelea. "Mkono wangu uliushika vizuri siku ile. Ndaga fijo, asante sana. Sasa lete kidole."

Akaweka mkono wake wenye kovu juu ya wangu, akapima shibiri mbili kutoka jiko, akaukandamiza mkono wangu na kizibo chini yake. Cha kwanza. Cha pili. Cha pili kilikaa upande, ikabidi tukirudie.

Tulikuwa kwenye cha tatu Lwitiko alipoingia. Alikuwa ametokea chumba cha mbele na begi la Mzee, la kijani, ameshalipiga zipu tayari kwa kesho. Akasimama. Alitutazama, mkewe na baba yake kwenye kaunta moja, mkono juu ya mkono, na sidhani kama angeshangaa zaidi kama nyumba ingekuwa inaungua.

"Baba, kuna nini?"

Kiganja cha Mzee kilibana mkono wangu. Nilijua sasa ndiyo sasa, nikavuta pumzi niseme mimi, nimpunguzie.

"Sioni, mwanangu," akasema. "Tangu mwaka jana. Mkeo anajua, alinyamaza kwa ajili yangu. Usimgombeze."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Lwitiko aliliangalia begi mkononi mwake, kisha akaliweka chini.